Mwaka Nilioikataa Bahari ya Barafu

Kabula alinitumia ujumbe siku ya Jumanne, nami nimesimama mlangoni mwa ofisi yangu ya mizigo hapa Xiaobei, Guangzhou, nabishana na dereva aliyetaka kushusha maroba ya nguo za watu juu ya maji. "Zuwena, nipo Guangzhou kwa mkutano, kesho kutwa naondoka. Njoo tule." Hakuweka jina, na namba yenyewe ya ugenini, lakini mtu aliyezoea kuniamrisha kula ni huyo mmoja tu duniani. Nikamwacha dereva ashushe anapopataka. Nilikaa juu ya roba, mwanamke mzima, nina wajukuu wawili, nikasikia kitu kimeniamkia ndani na nikakijua mara moja. Wivu. Si furaha ya kumpata mtu aliyepotea. Wivu ule ule wa ujana, mbichi kabisa. Watu wakisikia wivu wanafikiria mambo ya waume. Mie mume wangu alipooa mke wa pili nililia siku mbili nikanyamaza. Kwa Kabula nililia mwaka mzima, na alichonichukulia kilikuwa nafasi ya kitanda kimoja ndani ya meli ya utafiti iliyokuwa inakwenda kwenye bahari ya barafu, kule juu kabisa ya dunia. Na hata hilo neno "alichonichukulia" nimeliandika kwa mazoea tu. Nilimpa mwenyewe, kwa mdomo wangu huu.

Ilikuwa miaka ya tisini ikielekea ukingoni. Tulikuwa wasichana wawili wa Kitanzania tuliopelekwa Guangzhou, China, kusomea sayansi ya bahari, tukapewa chumba kimoja ghorofa ya nne ya hosteli ya wageni: vitanda viwili vya chuma, meza moja, feni moja isiyogeuza shingo, na jiko dogo la umeme tulilolifungia sandukuni kwa sababu lilikuwa marufuku. Mie nimetoka Unguja. Kabula katoka Shinyanga, na bahari aliiona mara ya kwanza akiwa na miaka kumi na tisa. Wiki ya kwanza alipika ugali kwa unga wa njano alioupata sokoni, akanikaribisha. Nikasema, "Ahsante, nimeshiba." Sikuwa nimeshiba, tangu asubuhi nilikuwa na chai tupu. Lakini kwetu ndivyo mtu anavyojibu. Ukikaribishwa mara ya kwanza unashukuru na kukataa, ya pili unasema usijisumbue, ya tatu ndiyo unavuta kiti, na aliyekukaribisha anajua hivyo, kwa hiyo hachoki kukukaribisha. Kabula akasema, "Haya," akavuta sahani yangu, akala ugali wa watu wawili mbele ya macho yangu. Nililala na njaa. Asubuhi akanikuta nimenuna, akauliza kulikoni, nikamweleza. Alicheka mpaka akakaa chini. "Kwa hiyo wewe ndiyo yako iko chini ya hapana mbili?" Tangu siku hiyo kila akipika alinihesabia kwa vidole. "Zuwena, utakula? Moja. Utakula? Mbili. Haya, hii ya tatu, sema kweli yako." Hapo ndipo nilipokuwa navuta sahani, na ikawa ndiyo mchezo wetu wa chumbani.

Mwalimu wetu, Profesa Liang, alikuwa mama mfupi mwenye nywele za kijivu zilizokatwa usawa wa masikio, mkali wa kazi, mpole wa mezani. Tulimwita laoshi, yaani mwalimu, kama wenyewe wanavyoita. Mwanzoni mwa muhula alibandika ukutani mwa maabara ramani ambayo sijapata kuiona mfano wake: dunia imetazamwa kutoka utosini, ncha ya kaskazini iko katikati, nchi zimejipanga kandokando, na Afrika haipo hata ukucha wake. Akatuambia kwamba kiangazi kinachokuja meli itaondoka Shanghai kwenda kuchunguza bahari ile, na kikundi chake kinachoshughulikia planktoni, vile vijidudu na vijimea vinavyoelea majini bila kuonekana kwa macho, kimepewa nafasi ya mwanafunzi mmoja. Hakusema zaidi. Mie nikaitaka nafasi ile kuliko nilivyopata kutaka kitu chochote, kabla yake na baada yake. Niliitaka mpaka nikawa naona haya kuitazama ramani watu wakiwepo. Ijumaa moja nikitoka msikitini nilimwuliza mzee wa Kichina aliyejua Kiarabu: mahali ambapo jua halizami, Magharibi mtu anasali saa ngapi? Akaniuliza ni wapi huko. Nikamwambia ni swali tu. Alifikiri, akasema fuata saa za mji ulikotoka. Nikaandika kwenye daftari, saa za Guangzhou, nikapiga mstari chini, na lile daftari nikalificha chini ya nguo ili Kabula asilione.

Mwezi wa kumi na moja laoshi alitualika nyumbani kwake, ghorofa ya tatu ya jengo la walimu. Nakumbuka viatu mlangoni, meza ya duara iliyotandikwa magazeti badala ya kitambaa, na dirisha la jikoni lililojaa mvuke. Maskini mama wa watu, alikuwa amekwenda mpaka kwa wachinjaji Waislamu kunitafutia kuku, na kanunua sufuria mpya kwa ajili yangu. Tumekula kuku, tumekula samaki, tumekula mboga, halafu akaleta sahani yenye kifuniko, akaiweka mbele yangu kwa mikono miwili, akafunua. Majongoo ya pwani. Yamepikwa na uyoga, meusi, yanatetemeka. "Hawa wametoka kwenye bahari yenu, Zuwena," akasema, na uso wake wote unacheka. Jamani. Majongoo mie nimeyakanyaga tangu mtoto maji yakipwa. Yanaokotwa, yanachemshwa, yanakaushwa, wanauziwa watu wa mbali, na sijapata kusikia mtu wa kwetu kayala. Nikasema nimeshiba. Akanikaribisha tena. Nikasema nimeshiba kweli. Akanikaribisha tena, maana Wachina nao ndivyo walivyo, mgeni hakatai akaachiwa, na mara ya nne akaninyanyulia jongoo moja kwa vijiti na kuliweka kwenye bakuli langu. Likanitazama. Ndipo nikasema uongo uliogeuza maisha yangu. "Laoshi, samahani. Kwetu sisi mtu akisema hapana mara moja, ndiyo hapana. Hatuna desturi ya kusukumana."

Kabula akanipiga teke chini ya meza. Laoshi aliweka vijiti vyake chini, akawa kama mtu aliyepewa jambo la maana. "Kumbe," akasema. "Nisamehe. Nimefundisha wageni miaka mingi na hakuna aliyeniambia. Sitasahau." Hakupata kusahau, Mungu amrehemu. Kabula akanyoosha bakuli lake na kusema, "Mimi nataka, laoshi," akala majongoo mawili, akaomba na mchuzi. Tulipokuwa tunashuka ngazi akanishika mkono. "Mwongo wewe. Kwenu hapana moja?" Tulicheka njia nzima, na mie nikajiona mjanja wa wajanja.

Mwezi wa nne hapa Guangzhou kuta hutoka jasho. Unyevu unaingia mpaka ndani ya vitabu, nguo haikauki, sakafu inateleza kama imemwagwa mafuta. Siku hiyo nilikuwa peke yangu kwenye chumba cha kuoshea chupa, nina glavu mpaka viwikoni. Kazi hiyo ina ibada yake. Chupa za kuchukulia maji ya bahari zinalazwa kwenye tindikali siku nzima, zinasuuzwa mara tatu kwa maji yaliyosafishwa, zinafungwa ndani ya mifuko miwili, na ukishika mdomo wa chupa kwa kidole umeanza upya. Mie nilikuwa bingwa. Laoshi akaingia, akafunga bomba, ili tusikilizane. "Zuwena, nahitaji kupeleka jina Shanghai. Nimetazama mikono ya wote. Mkono wako ni mwepesi zaidi, hujawahi kuharibu chujio. Nimekufikiria wewe. Utakwenda?" Wallahi moyo ulisema ndiyo. Na mdomo, huu mdomo, ukajibu wenyewe kama unavyojibu sinia la watu: "Ah, laoshi, mie nani? Yupo Kabula, ana nguvu kuliko mie. Yeye ndiye anayefaa." Nikainamisha uso kwenye chupa zangu, natabasamu, nasubiri mara ya pili. Tayari nilikuwa nimeshapanga jibu la mara ya pili, na la tatu pia. Laoshi aliweka mkono kwenye bomba. Kisha akasema, kwa upole kabisa, "Naelewa. Kwenu hapana ni hapana. Sitakusukuma." Akafungua bomba tena kama alivyolikuta, akatoka. Nikasikia viatu vyake vinaingia chumba cha pili, na ukuta ule ulikuwa wa mbao tu. "Kabula, utakwenda?" Na sauti ya Kabula, kubwa, bila hata kuvuta pumzi: "Ndiyo, laoshi. Lini?"

Mtaniuliza kwa nini sikutoka mbio na glavu zangu nikasema, jamani, nilikuwa naona haya tu. Nimejiuliza hilo zaidi yenu. Kwanza ningelazimika kukiri uongo wa majongoo, na kumwambia mama yule kwamba chakula chake cha heshima kilinitia kichefuchefu. Lakini hilo lingesemeka. Lililonishinda ni jingine: kusema nataka. Kusema nataka mbele za watu, kitu kiko tayari mkononi mwa mwenzangu. Kwetu mtu wa namna hiyo anaitwa mroho, na mroho hana dawa. Basi nikaosha chupa zote zilizobaki, na zile safi nikaziosha upya.

Kabula aliniuliza jioni ile ile, amekaa kitandani anasuka nywele zake mwenyewe bila kioo. "Laoshi kaniambia alikuuliza wewe kwanza. Ulikataa kweli?" Nikamwambia, "Baridi ile nitaiwezea wapi mie? Nenda wewe." Akanitazama, kitana kiko hewani. Hakunyanyua kidole, hakusema moja, lakini sote wawili tulijua kwamba hiyo ilikuwa ya kwanza. Nililala usiku ule nimepoa roho. Nikajisemea ni Kabula huyu, ananijua, zimebaki mbili.

Toka hapo wivu ukaanza kazi yake, na ulikuwa na kazi nyingi. Nilimwonea wivu alipopimwa afya na kuambiwa ana moyo wa farasi. Nilimwonea wivu kwa picha ya pasipoti. Nilimwonea wivu kwa kuwa hakujua kuogelea na haikumtia hofu. Mtu wa Shinyanga, aliyezoea vumbi na ng'ombe, anakwenda kuona bahari ambayo hata babu wa babu zangu wa pwani hawakuisikia, na mie niliyezaliwa na chumvi mwilini nimebaki kuosha chupa. Akaniomba nimfundishe kazi ya chujio, kwa kuwa huko melini atachuja maji kila siku. Nikamfundisha. Ile karatasi ya chujio ni nyembamba kuliko chapati ya maji, ikishalowa inang'ang'ania pale ilipo, na ukiivuta vibaya inachanika na maji yote uliyoyatoa kilindini yamekuwa bure. Nilimfundisha kuzima pampu, nikamfundisha kusubiri, nikamfundisha kuanzia ukingoni. Sikumfundisha kulowesha ncha za kibano kwanza kwenye maji ya chumvi, na hiyo ndiyo siri yote ya mkono wangu. Nilikumbuka vizuri sana. Nilifumba mdomo kwa makusudi. Hili sijapata kumwambia mpaka leo. Akisoma hapa, basi ndiyo nimeshamwambia.

Mara ya pili aliniuliza Shisanhang, kwenye yale maduka ya nguo za jumla, tumekwenda kumtafutia fulana nene za ndani na soksi za sufu. Makoti walikuwa wanapewa na meli. Mwezi wa sita, joto la kupikia mayai, na mwenye duka hana nguo za baridi, tena anatushangaa. Kila tukiuliza anajibu meiyou, hakuna, bila kuinua macho kwenye bakuli lake la wali. Mie Kichina changu kilikuwa kizuri, nikamng'ang'ania mpaka akapanda ngazi na kutushushia fuko la mwaka uliopita. Kabula akajipenyeza nyuma ya pazia kujaribu. Alitoka amevaa sufu toka shingoni mpaka miguuni, jasho linamdondoka kidevuni, mafungu ya nguo yanapita juu ya vichwa vyetu. Akasema, "Zuwena, nakuuliza tena. Ukitaka, sema. Kesho asubuhi naenda kwa laoshi, namwambia tumebadilishana, yamekwisha." Hakuwa anacheka. Nami nikasema, "Ningetaka si ningesema?" Akasimama. Nikamtazama machoni, namngoja. Hii ilikuwa ya pili, na kwa desturi yetu ya chumbani ya tatu ingefuata pale pale. Alivuta kola ya ile fulana kama inayomkaba, akarudi nyuma ya pazia. Nikajifariji kwamba labda anaona si mahali pake.

Nilimsindikiza stesheni, kwenye treni ya Shanghai. Njiani ndani ya basi nilifanya mazoezi ya neno moja. Ndiyo. Nililisema kimoyomoyo kwa Kiswahili na kwa Kichina. Nilikuwa nimeshapanga mpaka namna ya kumweleza laoshi kwa simu, na nguo zangu nitazifunga kwa dakika ngapi, na treni ya kesho yake. Kabula alipanda, akapata kiti cha dirishani, akasukuma kioo juu, akatoa kichwa na mabega. Nilikuwa chini yake, karibu, nimeshika ukingo wa dirisha. Watu wanapakia maboksi ya matunda, wanaitana, na yeye kanitazama muda mrefu. Akafumbua mdomo. Nikajiinua kwa ncha za vidole. Akasema, "Ufunguo wa sanduku la jiko uko chini ya godoro langu." Kisha treni ikaondoka, nami nikabaki na ndiyo yangu mdomoni.

Kiangazi kile nilikaa peke yangu katika chumba cha watu wawili. Feni niliigeuza yote kwangu na bado nililowa. Laoshi hakwenda na meli kwa sababu ya umri. Alibaki anapokea habari kwa faksi, anatusomea maabara kwa sauti, na kila faksi ilikuwa sindano. Wamefika kwenye barafu. Kabula ameona dubu mweupe amelala kama ng'ombe. Jua linazunguka tu, halizami. Kabula anachuja maji zamu mbili kwa siku. Mie nilikuwa naitikia, "Mashallah, mashallah," na nikitoka naingia chumba cha friza la sampuli, nafungua mlango, natia mkono mpaka begani, nausubiri ufe ganzi. Nilitaka kuijua baridi ya huko. Kidole kimoja kiliniuma wiki nzima, nikafurahi kwamba angalau hicho ni changu. Jioni, kwa kuwa chumba kilinishinda, nikawa napanda basi kuja huku barabara ya Huanshi Zhonglu, kwenye mkahawa mmoja wa tambi wa Waislamu, ambako wafanyabiashara wa kwanza kutoka Dar na Unguja walikuwa wanakula. Mmoja wao, Bi Mgeni wa Kariakoo, alinisikia naagiza chakula kwa Kichina, akanivuta kiti. "Mwanangu, kesho nisindikize kwa mabosi wa madukani, hawa malaoban wananizungusha." Hakuuliza kama naweza. Alinivuta tu, nikaenda, na ndivyo nilivyoingia kwenye biashara ninayoifanya mpaka leo.

Kabula alirudi mwezi wa tisa, midomo imepasuka, ngozi ya pua imetoka, na macho yake yamekuwa ya mtu aliyezoea kutazama mbali. Aliniletea jiwe dogo jeusi, nikalitupa kwenye shimo la choo kisha nikalia kwa kulitupa. Alinihadithia kwamba barafu ina sauti, inalia ikivunjwa. Akasema wiki ya kwanza alichana machujio mengi mpaka mabaharia wakamcheka, halafu baba mmoja wa maabara ya meli akamwonyesha kulowesha kibano. Alinisimulia hayo akinitazama usoni, au mie nilidhani hivyo. Nikasema, "Ndiyo, wengine huwa wanafanya hivyo."

Laoshi akatualika tena, meza ile ile, magazeti mengine, kumpongeza Kabula. Akaleta sahani yenye kifuniko, akaiweka mbele ya Kabula, akafunua. Majongoo. Alipita mbele yangu bila kunikaribisha, kwa heshima, maana alikumbuka. Sijui kilichonipanda. Nilinyoosha vijiti nikachukua jongoo la kwanza, nikatafuna, nikameza, nikachukua la pili. Linateleza, halina ladha, lina mchanga kidogo. Niliyala yote, sahani nzima, machozi yananitoka. Laoshi alinitazama mpaka nikamaliza, na nikaona anafika mahali fulani kichwani mwake, polepole, kama anavyofika kwenye jibu la hesabu. "Zuwena," akasema, "ile siku ya chupa. Ulikuwa unataka kwenda?" Nikasema, "Hapana, laoshi." Akaniangalia kwa masikitiko makubwa, maana sasa hakujua tena hapana yangu ni ya namna gani. Nilimaliza shahada, nikarudisha koti la maabara, nikahamia Xiaobei. Kabula akaendelea. Alikwenda tena kule juu mara nyingi, sikutaka kuhesabu, na laoshi alipofariki ni yeye aliyesoma risala, mie nilituma maua.

Basi nikaenda kula naye, mkahawa wa Huanshi Zhonglu, si mbali na ule wa tambi wa zamani. Amenenepa, kichwa cheupe, anavaa miwani mizito, na bado anaita mhudumu kwa sauti ya kuswaga ng'ombe. Tuliongea habari za watoto, za magoti, za waliokufa. Samaki akaletwa. Kabula hakumgusa. Alivua miwani, akasema, "Zuwena, nilikuuliza mara mbili."

"Nakumbuka. Usiku ule ukisuka, na Shisanhang."

"Ya tatu sikukuuliza."

"Treni iliondoka."

"Treni ilikaa pale muda mrefu," akasema. "Neno nilikuwa nalo hapa mdomoni. Nikakuona umejiinua kwa ncha za vidole. Nikajua nikikuuliza utasema ndiyo. Nilikujua wewe kuliko mtu yeyote. Na mimi nilikuwa naitaka ile meli, Zuwena. Nikakwambia habari ya ufunguo."

Nilitaka nimwagie samaki kichwani. Miaka yote hii nimejilaani kwa uongo wa majongoo, nimejiita mjinga, nimejiita mwenye haya zisizo na maana, na kumbe pale dirishani walikuwepo watu wawili wenye uroho, mmoja tu ndiye aliyeukubali wake. Nikamwambia, "Wewe mwanamke ni mbaya." Akasema, "Ndiyo," vile vile bila kuvuta pumzi, na nikakasirika zaidi kwa kuwa nilijua mie mahali pake ningefanya vile vile, halafu nisingekuja kusema. Mhudumu alikuja kuuliza kama samaki ana kasoro.

Alipoondoka, Kabula alinyanyua mkono wake juu ya meza, akafungua kidole cha kwanza, cha pili, na cha tatu. "Zuwena. Unataka kwenda?"

"Kwenda wapi sasa, Kabula? Mie na goti hili? Meli gani itanichukua?"

"Sikuuliza meli," akasema. "Hii ya tatu. Sema kweli yako."

"Nataka," nikasema, na ilitoka kwa sauti kubwa mpaka watu wa meza ya pili wakageuka kututazama.